Iguanodon wa zege uani: shajara ya mradi

Machi, mwanzo wa mwezi

Haya wakuu, mradi umeanza rasmi na kabla hamjaniuliza "wewe fundi mzima unafanya nini na midude ya watoto" ngoja nieleze. Hapa kusini mwa London kuna bustani inaitwa Crystal Palace Park, na ndani yake kuna ziwa lenye kisiwa, na kwenye kisiwa na kandokando ya maji kuna masanamu ya wanyama wa kale, kama 30 hivi yaliyobaki. Yalijengwa kuanzia 1852 mpaka 1855, na kabla ya hapo hakuna mtu popote duniani aliyewahi kumsimamisha dinosaria kwa ukubwa wake kamili. Aliyejenga ni bwana mmoja msanii, Benjamin Waterhouse Hawkins, na mshauri wake wa mambo ya mifupa alikuwa Richard Owen, yule aliyetunga jina lenyewe la dinosaria mwaka 1842.

Mi naishi mwendo wa miguu kutoka pale. Kazi yangu lipu na zege, nimetoka Tanga nikiwa fundi tayari na huku bado nashika mwiko uleule. Kila nikikatiza pale nasikia watu wanaicheka pembe iliyo puani kwa Iguanodon, mmoja wa hao dinosaria, oh walikosea, oh wajinga, wanapiga selfi wanaondoka. Mi macho yangu yanaenda kwenye miguu. Lidude la tani na tani limesimama kwa miguu minne tu, hamna gogo la kulishikilia, hamna mwamba chini ya tumbo, na limepiga zaidi ya miaka 165 kwenye mvua na barafu ya huku. Nionyesheni ukuta wa juzi juzi ambao utafika hapo.

Kwahiyo mradi ni huu, namjenga Iguanodon aliyesimama (wapo wawili, mwingine amelala ameweka mkono juu ya gogo) kwa kipimo cha moja kwa kumi, kwa njia ileile ya Hawkins. Kwanza kimfano kidogo, alafu udongo, alafu kalibu (umbo tupu la kumwagia zege), alafu zege. Atakaa kwenye kibustani cha ukumbi ambapo watoto wetu wanasoma Kiswahili Jumamosi, Mwalimu kashakubali kwa sharti asiwe na ncha za kumtoboa mtoto macho.

Machi, bado baridi

Leo sijashika chochote, ni hesabu tu. Uzuri wa Hawkins ni kwamba alitaja vifaa vyake hadharani, kwenye mhadhara wake wa 1854 mbele ya Society of Arts. Yani alikuwa na BOQ kabisa, orodha ya vifaa na idadi yake! Kwa Iguanodon mmoja aliyesimama: nguzo 4 za chuma za futi 9 zenye kipenyo cha inchi 7, matofali 600, vigae vya mfereji vya nusu duara 650, vigae bapa 900, mapipa 38 ya simenti na mapipa 90 ya mawe yaliyovunjwavunjwa. Juu ya hapo kuna futi 100 za ukanda wa chuma na futi 20 za nondo ya mraba ya inchi moja. Mwenyewe alisema kazi ile ni sawa na kujenga nyumba juu ya nguzo nne, na akalalamika kidogo kwamba wachongaji wengine wanaficha nguzo nyuma ya miti na majani na nguo za sanamu, yeye hakuruhusiwa, mnyama lazima asimame kwa miguu yake mwenyewe. Nilivyosoma hapo nikajisemea huyu ni mwenzetu.

Sasa ukishusha kipimo mara kumi watu wanadhani na vifaa unagawa kwa kumi. Hapana. Urefu unagawa kwa kumi, upana kwa kumi, kimo kwa kumi, kwahiyo ujazo unagawa kwa elfu moja. Matofali 600 yanakuwa tofali nusu na ushee, hahaha, ndio bajeti yangu ya matofali hiyo. Ila kuna hesabu moja imenifurahisha, Hawkins alisema baadhi ya mifano yake ilimeza tani 30 za udongo kabla ya kufanyiwa kalibu. Gawa kwa elfu, kilo 30. Nimekwenda kununua udongo mfinyanzi wa kilo 30 kabisa, nione kama mzee alikuwa anasema kweli.

Machi, Jumapili, jua kidogo

Nimekwenda bustanini na mwanangu wa kati, na kamera ya kukopa yenye zuum ndefu. Kisiwani huingii hovyo, daraja lililowekwa 2021 ni la kuzungusha, likishafungwa upande wa pili hamna njia (hela za daraja zilichangwa na watu, na Slash yule mpiga gitaa mwenye kofia ndefu alipigia debe mchango huo, sijui alifikaje huko ila Mungu ambariki). Basi tunapiga picha kutoka ng'ambo ya maji.

Nimekaa nikiangalia mguu wa mbele wa Iguanodon kama saa nzima, mpaka mtoto kanikimbia kwenda kwenye aiskrimu. Kuna ufa unaanzia juu ya kiwiko unashuka wima, haujakatika katika, umenyooka. Kandokando yake simenti imevimba kidogo na kuna doa la kahawia linachuruzika. Fundi yeyote wa pwani analijua hilo doa. Chuma cha ndani kimepata maji, kimeshika kutu, kutu linachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, basi linasukuma zege kutoka ndani mpaka linapasuka, na likishapasuka maji yanaingia zaidi. Nyumba za karibu na bahari kwetu zimejaa hiyo kesi, nguzo ya baraza imefunguka na nondo ndani imekuwa kama biskuti. Hapa hamna chumvi ya bahari lakini kuna ziwa, unyevu, barafu inayoganda ndani ya nyufa kila msimu wa baridi, na mizizi ya majani inayotafuta pa kujichomeka.

Ndio maana masanamu yenyewe yako kwenye hali ngumu. Yalipandishwa daraja la juu kabisa la ulinzi wa majengo ya kihistoria mwaka 2007, Grade I, alafu 2020 yakaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mwaka huohuo wa 2020 Megalosaurus, dinosaria mwingine wa pale, alidondosha sehemu ya pua na taya, vipande viko chini, baadae akawekewa taya la bandia. Na Hylaeosaurus, dinosaria wa tatu, kichwa anachovaa sio chake cha asili, ni faiba, cha zege kilikuwa kizito kinaielemea shingo. Angalia hapo mchoro unajirudia: kinachoharibika kwanza ni kile kinachoning'inia. Pua, taya, kichwa, mkia. Kwangu nitaweka chuma kisichoshika kutu kila mahali, bei yake imeniuma lakini sirudii kazi.

Kabla ya kuondoka tukapita kwenye ule mwamba wa kutengeneza, maana hawakuweka wanyama tu, walipanga na tabaka za mawe halisi, makaa ya mawe, chokaa, mawe mekundu, ili mtu aone mnyama huyu katoka tabaka gani. Watu wanapita pale kama wanapita ukuta wa kawaida. Hata Mosasaurus, mtambaazi wa kale wa baharini, hawagundui kwamba amejengwa nusu tu, kichwa na mgongo, kilichobaki eti kiko majini. Hiyo ni akili ya kuokoa simenti na mi naiheshimu.

Aprili

Mifupa imesimama. Nondo nne za milimita 8 kwa miguu, zimeunganishwa juu na fremu mbili za ringi, moja mabegani moja kiunoni, uti wa mgongo fimbo moja inayopitiliza mpaka mkiani. Kimfano kidogo cha plastisini nilishakimaliza wiki iliyopita, kina urefu wa kiganja na ushee, sitaki kukizungumzia sana maana mama watoto kaniuliza kama ni kiboko.

Na kwa kweli sio mbali. Huyu Iguanodon wa Owen ni mnene, miguu minne mizito, ngozi kama ya faru. Yupo mtu aliyewaambia mapema kwamba sivyo, Gideon Mantell, daktari ambaye ndiye aliyempa mnyama huyo jina mwaka 1825 akiwa na meno na vipande vya mifupa tu. Miaka yake ya mwisho Mantell alishaona kwamba mikono ya mbele ilikuwa myembamba kuliko miguu ya nyuma. Akafariki 1852, kazi ndio inaanza, na Owen akabaki na neno la mwisho. Mi siwezi kumsema sana Owen kwenye mifupa ila kwenye roho, Mantell alistahili heshima zaidi ya aliyopewa.

Mwaka 1878 wachimba makaa huko Bernissart, Ubelgiji, wakakuta Iguanodon wazima wazima chini ya ardhi, wengi, na mtaalamu wa mifupa ya kale Louis Dollo alivyowachambua ikaonekana ile pembe ya pua kumbe ni mwiba wa kidole gumba. Sasa watu wanaicheka sanamu ya 1854 kwa kutojua kitu kilichochimbwa miaka 24 baadae. Hii inaniudhi, samahani.

Aprili, Jumamosi darasani

Nimebeba mifupa na udongo nusu nikawapelekea watoto waone, na nikawapigisha kura: pembe puani au mwiba kwenye gumba? Kelele mpaka jirani wa ukumbi kaja kuchungulia. Wakubwa wakataka gumba "kwa sababu ndio ukweli", wadogo wakataka puani kwa sababu ni nzuri. Binti mmoja wa miaka kama tisa hivi akanyoosha mkono, "Mjomba, si umesema unamjenga yule wa bustanini? Wa bustanini ana ya puani." Kesi ikaisha. Inabaki puani, ila fupi na butu, sharti la Mwalimu.

Alafu kukaja swali ambalo nililitarajia, kwetu hawakuwepo? Walikuwepo, tena sana. Nikawahadithia Tendaguru, mkoa wa Lindi, ambapo Wajerumani walichimba kuanzia 1909 mpaka 1913, na mifupa zaidi ya tani 200 ikabebwa na watu kwa miguu kutoka huko porini mpaka bandari ya Lindi, ikapanda meli kwenda Berlin. Wanataja sana majina ya Janensch na Hennig, wataalamu Wajerumani wa uchimbaji ule, mi nikawaandikia ubaoni na jina la Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, mtu aliyeijua kazi ile kuliko wageni wengi waliokuja kuisimamia. Yule mrefu wa Berlin, Giraffatitan, alisimamishwa 1937, zaidi ya mita 13 kwenda juu, ni wa Tendaguru. Na kulikuwa na kadogo kanaitwa Dysalotosaurus, ni jamaa wa ukoo mmoja na Iguanodon kwa mbali, kanakimbia kwa miguu miwili. Darasa likachemka, kesho yake meseji za wazazi kwenye grupu la WhatsApp zinaniuliza Tendaguru panafikiwaje.

Kitu kingine walichokipenda, kwenye kisiwa kuna Dicynodon wawili, wanyama wa kale ambao sio dinosaria, wamewekewa magamba ya kobe mgongoni (hawakuwa nayo kwa kweli). Mifupa yao ya kwanza Owen aliletewa kutoka Afrika Kusini. Na jamii hiyohiyo imechimbwa sana bonde la Ruhuhu, kule Songea. Kwahiyo ukisimama pale bustanini unaangalia na ndugu wa wale wa nyumbani, imevikwa tu nguo sio yake.

Mei, mwanzo

UDONGO UMEINGIA WOTE. Kilo 30, zimebaki kama mbili hivi. Mzee Hawkins hakuwa muongo.

Ishu ya wiki hii imekuwa ngozi. Kwenye sanamu halisi magamba yako kila mahali, shingoni madogo, ubavuni makubwa, na hayafanani, kila gamba lina kiinuko chake. Kuchonga moja moja kwa mwiko mdogo nilijaribu kwenye paja, jioni nzima nimepata sehemu ya kiganja. Bro wa Mombasa anayefunga majukwaa saiti akaja kuniona, kaangalia, kaniambia "fundi, chukua fenesi".

Kweli bwana. Nimekwenda Tooting kununua kipande cha fenesi, tukala nyama, ganda nikaliosha, nikalimwagia silikoni, ikakauka nikabandua. Nina muhuri wa magamba. Unapaka mafuta kidogo, unagandamiza kwenye udongo, unatoa, unazungusha robo, unagandamiza tena ili mstari usionekane. Vile vijiti vya fenesi vina ncha, kwenye silikoni vinaacha kishimo cha pembe tano sita hivi, na ukigandamiza kwenye udongo kila kishimo kinatoa gamba lililovimba kama la bustanini.  Shingoni nimetumia ganda la stafeli... hapana natania, shingoni ni wavu wa kitunguu uliovutwa juu ya udongo na kusuguliwa na sponji.

Mei, katikati

Kalibu. Hii ndio sehemu ambayo Hawkins alijipatia umaarufu. Tarehe 31 Desemba 1853 aliandaa karamu ndani ya kalibu la Iguanodon, wageni 21, Owen kakaa upande wa kichwa, na picha ikatoka kwenye gazeti la Illustrated London News wiki moja baadae. Watu wanasema walikula ndani ya sanamu, sio, ni ndani ya kalibu, na ukiwa fundi unaona tofauti kubwa, maana kalibu ni kazi ya katikati, limekaa siku chache na kazi yake ni kuvunjwa au kufunguliwa. Jamaa alijua kutafuta kiki. Mialiko yenyewe ilichorwa kwa mfano wa bawa la pterodaktili, mtambaazi wa kale aliyekuwa anaruka.

Langu ni jipsam, vipande sita. Nimekata chupa za maji za plastiki vipande vya sentimita tatu, nikavichomeka kwenye udongo mstari mzima wa mgongo, tumboni na katikati ya kila mguu, ndio kuta za kutenganisha kipande na kipande. Mkono wa kwanza wa jipsam ni uji mwepesi kabisa, unarushwa kwa vidole usiache hewa kwenye magamba, nimeutia rangi ya bluu kidogo ili siku ya kutindua nijue nakaribia ngozi. Mkono wa pili mzito na nyuzi za katani ndani. Katani! Nimeinunua hapahapa London, nikasoma lebo, haikusema imetoka wapi, mi mtu wa Tanga nikaamua imetoka kwetu.

Mei, mwisho

Mvua siku tatu, turubai limeelemewa, hakuna kazi. Nimetumia muda kusoma habari za Hawkins alivyoishia na zimeniuma. Kampuni ya Crystal Palace ilimkatia fungu 1855 kabla hajamaliza wanyama aliowapanga, masanamu yalishakula zaidi ya paundi 13,000. Akaenda Marekani, 1868 akasimamisha kule Philadelphia mifupa ya Hadrosaurus, dinosaria wa kwanza kusimamishwa mifupa yake duniani. Mwaka huohuo akapewa kazi New York, jumba la makumbusho Central Park lenye wanyama wa kale wa Marekani. Mwaka 1871 vibarua wakatumwa na nyundo kwenye karakana yake, wakavunja kila kitu, mifano na makalibu. Siasa za jiji. Watu wengi wanamtwisha lawama Boss Tweed, mwanasiasa mkubwa wa New York wakati huo, ila utafiti wa 2023 unamuelekezea kidole Henry Hilton, mmoja wa wakubwa wa bodi ya bustani. Fundi mwenye kazi yake aliwahi kuvunjiwa akiangalia anajua hapo pakoje.

Na jumba lenyewe la kioo la Crystal Palace, ambalo masanamu yaliletwa kulipamba, liliungua usiku wa tarehe 30 Novemba 1936. Masanamu ndio yamebaki.

Juni

Zege limeingia! Mchanganyiko simenti moja, mchanga mitatu, kokoto ndogo za kupita chekecho la milimita 6, na vipande vya vigae vya bafuni vilivyobaki saiti nimevipanga ndani kufanya ukuta wa tumbo, kama alivyofanya Hawkins na vigae vyake, ili katikati kubaki wazi na mzigo kupungua. Kila mguu nimeshindilia kwa kijiti cha chuma mpaka mapovu yakaisha. Pua nimeipa fimbo mbili badala ya moja, kwa heshima ya Megalosaurus. Na tumboni nimeacha tundu la kutolea maji, dogo, halionekani ukisimama.

Nikafunika na magunia, namwagilia asubuhi na jioni. Mzee jirani, Mwingereza wa miaka themanini na kitu, anachungulia juu ya uzio kila nikimwagilia, leo kaniuliza kwa upole kama kitu hicho kinaota.

Juni, wiki iliyofuata

Nimefungua. Vipande vitano vimetoka vyenyewe kwa kugongagonga na nyundo ya mpira, cha sita cha chini ya tumbo kiligoma, nikakitindua taratibu mpaka nikaona bluu. Magamba ya fenesi yamekaa ubavu mzima, safi, hata ile sehemu muhuri ulipokutana na muhuri huioni mpaka uoneshwe. Urefu sentimita 98 pua mpaka mkia. Uzito sijapima, watu wawili tumemnyanyua na mmoja wetu alitukana.

Kuna mishono ya kalibu mgongoni ya kusaga, na tundu moja kwenye ngozi ya taya la chini nitalijaza kwa simenti na mchanga laini. Rangi bado, zile za bustanini zimepakwa na kupakwa upya mara nyingi, mi nitakwenda na kijani ya kijivu, maji ya chokaa kwanza. Msingi wa kumuwekea pale ukumbini utachimbwa Jumamosi, tofali moja na nusu kwenda chini, na nusu tofali ile ya bajeti itaingia humo.

Watoto washapiga kura nyingine bila hata kuniuliza, anayefuata ni Dysalotosaurus wa Tendaguru. Miguu miwili tu, mwembamba, mkia hewani. Mzigo wote utakaa kwenye vifundo viwili vya miguu, kwahiyo nahitaji nondo ya stenlesi ya milimita 10, mita nne hivi, mwenye vipande vilivyobaki saiti anitafute, naja kuchukua mwenyewe.